Wastani wa mkoa hautuambii ni mtoto wa nani aliyedumaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Tangu yatoke matokeo ya utafiti wa kitaifa wa 2022, Iringa imebandikwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano kuwa wamedumaa, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8, wakati nchi nzima ni 30. Kila kiongozi akipanda jukwaani anashangaa inakuwaje mikoa inayolisha taifa iwe na watoto waliodumaa, kisha anajijibu mwenyewe: akina mama hawana elimu ya lishe. Haraka hiyo siikubali.

Wapo pia wanaosema watu wa huku ni wafupi kwa asili. Hao niwajibu kwa kifupi. Vigezo vya urefu kwa umri vinavyotumika kliniki vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri. Walikua karibu sawa.

Turudi kwenye namna tunavyopimwa. Mdodosaji wa tafiti hizi akifika nyumbani hakuulizi mshahara, na hapo yuko sahihi, maana mkulima wa Mufindi ukimuuliza kipato cha mwezi atataja chochote ili muendelee. Anaangalia paa, sakafu na choo, anauliza redio, simu, baiskeli, ng'ombe. Vitu hivyo vinapewa alama, watu wote wanapangwa kwa alama za kaya zao kutoka chini hadi juu, kisha wanagawanywa mafungu matano yaliyo sawa. Ndipo udumavu unalinganishwa fungu kwa fungu.

Njia hiyo imefichua mengi, siibezi. Ila inaihesabu kaya kana kwamba ni mtu mmoja. Bati la msauzi linaonekana tangu barabarani. Aliyeuza gunia la mahindi na pesa ikaishia wapi, haionekani (msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wengine tunajua ilikoishia). Wala haionekani kwamba mama ametoka alfajiri kwenda kuchuma chai, mtoto wa mwaka mmoja kaachiwa dada yake wa miaka saba na uji wa mahindi matupu uliopikwa jana. Mama huyo elimu ya lishe anayo, kaisikia kliniki mara nyingi tu. Muda wa kuitumia ndio hana.

Wenzetu Uingereza walianza kuchunguza jambo la jinsi hii mwaka 1967. Waliwafuatilia watumishi wa serikali wapatao 18,000 jijini London, wanaume watupu, wote wana ajira, matibabu bila malipo, hakuna anayelala njaa. Hata hivyo matarishi na wenzao wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakubwa wa juu kabisa, na wa madaraja ya kati wakaangukia katikati. Sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Kama watu wa idara za serikali moja waliachana kiasi hicho, sembuse kijiji kimoja chenye kibarua wa chai, mwalimu, na mwenye ekari ishirini za miti?

Nalijua jibu la wataalamu: sampuli ya kitaifa, kaya zaidi ya 15,000 nchi nzima, inatosha kusema habari za mkoa, haishuki hadi kata. Ni kweli. Lakini tunayo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, watoto wanakusanyika na daftari lipo. Halmashauri zihakikishe ubao wa kupimia urefu unafika, sio mizani peke yake, na daftari liongezwe maswali matatu: mama anafanya kazi gani, nani anaamua mazao yauzwe lini, na mtoto anashinda na nani mchana. Mtafiti wa chuo akija na kibali chake ayakute hayo, ayachambue, kisha matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla hayajaenda semina Dodoma.

Mwaka wa fedha ujao fungu la lishe litapangwa tena. Kabla halijaishia kwenye vipeperushi, ningependa kusikia halmashauri ikijibu ni vijiji vingapi vina ubao huo.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mufindi, Iringa
(Jina limehifadhiwa)