Nakato, anzia Ggaba

Jinja

Mpendwa Nakato,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na Mama anauliza utakuja lini.

Nimesoma rasimu ya uchunguzi wako wa hisabati kuhusu kimo cha maji ya Ziwa Victoria, ile kazi ya IB (mtaala wa kimataifa wa sekondari) itakayosahihishwa na mtahini. Hesabu zimekaa vizuri. Kinachonisumbua ni ukurasa wa kwanza. Umeanza na "Hisabati hutumika katika kila nyanja ya maisha." Dada, sentensi hiyo ingeweza kukaa juu ya kazi ya mwanafunzi yeyote. Kisha unaeleza Ziwa Victoria linapakana na nchi zipi, msomaji anafika ukurasa wa pili hajui unatafuta nini. Na mimi ulikwisha kuniambia jambo zuri kuliko yote hayo: kwamba mwaka 2020 maji ya ziwa yaliingia mwalo wa Ggaba, kule Kampala, mjomba wako akahamisha meza yake ya samaki, nawe ukajiuliza kama vipimo vya nyuma vingeweza kuonyesha kwamba yanakuja. Anzia hapo. Sentensi tatu zinatosha.

Halafu uliza swali lenyewe. "Kuchunguza kina cha ziwa" ni mada tu. Jaribu hivi: nikitumia vipimo vya kimo cha ziwa vilivyochukuliwa Jinja kabla ya 2016 pekee, ni mlinganyo gani unaokaribia zaidi kimo cha maji cha Mei 2020? Hapo msomaji anaona kipindi, anaona kipimo, na anajua jibu litapimwaje. Tena swali hilo lina ugumu wa kweli. Ziwa lilipanda ghafla kati ya 1961 na 1964, likashuka sana kufikia 2006. Mstari mnyoofu hauwezi kufuata mwendo huo. Sema mapema kwamba utaanza na mstari huo makusudi, uende kwenye polinomia (mlinganyo wenye vipeo, ambao mchoro wake unaweza kupinda), kisha ulinganishe makosa ya kila mmoja.

Jiografia ifute. Kurasa hazitakiwi kuzidi 20, na matumizi ya hisabati peke yake yana alama 6 kati ya 20. Na lile la "napenda sana hisabati" liondoe pia. Mtahini atauona moyo wako katika uamuzi unaoufanya, hasa pale utakapoeleza kwa nini ulikata data mwaka 2015.

Ukimaliza hitimisho, rudi uandike utangulizi upya, maana swali litakuwa limekaza zaidi. Ila kwa sasa nitumie ukurasa huo mmoja tu, usingoje kazi nzima.

Wako,
Zaituni