Redio ya Mzee Kombo haijui ilipo

Sahare, Tanga

Rajabu ndugu yangu,

Assalam aleikum. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Zulfa, na najua utasema Hamisi haandiki ila ana shida. Ni kweli, nina shida. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anauliza chungu chake kitarudi lini.

Ni ile boti ya Mzee Kombo. Kairudisha kutoka Unguja na plota mpya, ile skrini ya ramani yenye GPS, na AIS ya kunasa meli zilizo karibu, na redio ya VHF ya kuzungumza baharini, akaniambia, "Nataka hivi vitu vizungumze." Nikajibu kazi ya nusu siku! Siku mbili ziliishia kwenye rangi za nyaya tu. Nilifunga njano kwa njano, kijani kwa kijani, kama mtoto wa chekechea, kumbe kila kampuni ina rangi zake. Nilipofungua kitabu, nikapeleka waya wa kusema wa huyu kwenye waya wa kusikia wa yule, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ndipo meli zikatokea kwenye skrini. Mzee alipoona meli ya mizigo iliyotia nanga nje ya bandari, na jina lake kabisa, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Sasa sikia. AIS inasema kwa kasi ya biti 38400 kwa sekunde. Redio inasikia 4800 tu. Na plota hii ina mlango mmoja wa NMEA 0183, ile lugha ya vyombo vya boti, kasi ya kuingia ndiyo ya kutoka. Nikiweka 38400, meli zipo, redio haipati GPS. Nikiweka 4800, redio inajua ilipo, meli hakuna. Mzee anazipenda meli zake. Nikaacha 38400, nikamwambia tayari, akanilipa.

Tangu hapo silali. Kile kitufe chekundu cha kuomba msaada kikibonyezwa, redio hupeleka kwenye chaneli 70 namba yake ya tarakimu 9 pamoja na mahali boti ilipo. Hii itapeleka namba tu. Na vijana wa boti wanalala Mkondo wa Pemba, kusi hili unalisikia huko Dar? Kitufe wanakiamini kama hirizi. Nimemfundisha Shee kuandika mahali kwa mkono, digrii na dakika, lakini boti haikai pale ulipoiandika, na Shee mwenyewe unamjua...

Kuna kile kiboksi cha kukusanya laini za kasi tofauti, ila bei yake siiwezi. Pesa ya Mzee imeshakuwa bati la jikoni kwa mama. Ndiyo nikaikumbuka ile antena yako ya GPS yenye umbo la uyoga, uliyoing'oa kwenye boti ya yule Mdachi. Ile husema 4800 yenyewe. Ningeifunga moja kwa moja kwenye redio, plota ibaki na meli zake, kila mtu na njia yake.

Bado unayo, au umeshamuuzia mtu? Inakula volti 12? Ina nyaya mbili za kusema, au mmoja na hasi? Uliikata waya wake mfupi kama kawaida yako? Basi la usiku linaweza kunifikishia? Na Mzee nimwambie leo, au nikishafunga? Kila nikimwona barazani ananiita "fundi wangu", nageuza njia.

Wanatoka Jumamosi, Rajabu.

Hamisi