Mkiandika kuskeiti wekeni na muda jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, mimi sio mtu wa kuandikia magazeti ila hii imenikaa rohoni siku kadhaa sasa. Kwenye habari zenu za michezo ya msimu wa baridi mliweka picha ya wanaskeiti wawili wa mbio za kasi kwenye barafu, mmoja mbele mwingine nyuma, chini mkaandika kwamba wa mbele anamuacha mpinzani wake na kuondoka na ushindi. Mwanangu akasoma akaniuliza, baba kwa hiyo huyu wa nyuma ndo kapata medali ya fedha? Nikamwambia huyu wa nyuma anaweza kuwa wa 4, anaweza kuwa wa 19, na hata huyo wa mbele inawezekana hajapata kitu, gazeti halijasema. Akaniangalia kama namdanganya.

Shida yenu mnaziandika hizi mbio kama mita 100 za riadha, atakayetangulia ndo bingwa. Kwenye ule uwanja mkubwa wa barafu, wa mita 400, watu wanaingia wawili wawili na kila mmoja ana leni yake, na wanachopambana nacho ni saa. Kumshinda mwenzako wa pea hakukupi chochote. Unamaliza, unakaa pembeni unahema, halafu unaanza kuangalia pea nyingine zinavyoingia moja moja kujaribu kuushinda muda wako, na hapo ndo kwenye utamu wote wa huu mchezo kwa maoni yangu, kumuangalia mtu aliyeshamaliza kazi yake akiteseka kuliko anayekimbia.

Mfano mzuri ni Olimpiki ya Vancouver 2010, mita 10,000 wanaume, mizunguko 25. Lee Seung-hoon wa Korea Kusini alikuwa keshamaliza zamani, ameshakaa. Pea ya mwisho akaingia Sven Kramer wa Uholanzi, ambaye alikuwa ameshabeba dhahabu ya mita 5,000 siku chache nyuma, pamoja na Ivan Skobrev wa Urusi. Sasa lazima mjue kwamba kila mzunguko hawa watu wanabadilishana leni, wa ndani anatoka nje na wa nje anaingia ndani, kwa sababu kona ya ndani ni fupi na bila kubadilishana mmoja angekuwa anapunjwa. Kramer alikuwa anaelekea leni ya nje, na ndiyo ilikuwa sahihi, kocha wake Gerard Kemkers akamuelekeza ndani, akaingia ndani. Kosa dogo la sekunde moja tu. Akamaliza kwa 12:54.50, Lee alikuwa na 12:58.55, yaani kamzidi sekunde 4 na ushee, mikono juu anashangilia, kumbe ameshaondolewa kwenye matokeo kwa kukosea leni. Dhahabu ikaenda kwa Lee ambaye hata kwenye barafu hakuwepo, na Skobrev aliyeachwa nyuma na Kramer zaidi ya sekunde 7 akachukua fedha. Sasa ile picha ya Kramer mbele na Skobrev nyuma mngeiandikia nini chini yake?

Au mita 1,500 ya Sochi 2014. Zbigniew Bródka wa Poland, ambaye kazi yake ilikuwa zimamoto, na Koen Verweij wa Uholanzi hawakuwa pea moja, ila ubao ulionyesha wote 1:45.00. Ikabidi waende kwenye sehemu za elfu moja za sekunde, Bródka 1:45.006 mwenzake 1:45.009. Dhahabu ikapatikana kwa tofauti ya 0.003 kati ya watu ambao hawakukimbia bega kwa bega, na ukiandika habari kama hiyo bila kuweka muda sijui umemwambia nini msomaji.

Iliyonigusa zaidi lakini ni ya Beijing 2022, mita 1,000. Kai Verbij wa Uholanzi alikuwa pea moja na Laurent Dubreuil wa Canada. Wakafika sehemu ya kubadilishana leni wakiwa karibu sawa, na sheria inasema anayetoka leni ya nje ndo mwenye haki ya kupita, wa ndani ampishe. Verbij ndo alikuwa anatoka ndani. Akaona akilazimisha watagongana, akasimama wima akapunguza mwendo, Dubreuil akapita, akaenda zake kuchukua fedha. Ukisoma matokeo Verbij yuko chini kabisa kama mtu aliyekuja kutembea tu. Gazeti linaweza kuandika Verbij achemsha na lisiwe limeongopa hata neno moja, ila na ukweli lisiwe limeusema.

Najua kuna mtu atasema mbona zipo mbio wanazoanza wote. Zipo, na hapo pia mnachanganya. Ule mzunguko mfupi wa mita 111.12, ulioingia rasmi Olimpiki mwaka 1992, wanaanza kundi zima, wanabanana kwenye kona na anayevuka mstari kwanza ndo kashinda asipofutwa. Huko ndo Steven Bradbury wa Australia alishinda mita 1,000 Salt Lake City 2002, yuko nyuma ya wote, kona ya mwisho wenzake wanne wakaanguka, yeye akapita kati yao akiwa amesimama. Na hata uwanja mkubwa tangu Olimpiki ya 2018 kuna mbio za kuanza wote kwa pamoja. Kwa hiyo hatua ya kwanza mwandishi wenu aangalie ni mbio zipi, kabla hajaandika nani kamuacha nani.

Wala siombi makubwa. Jina, nchi, muda, alikimbia pea ya ngapi, alianzia ndani au nje, basi. Hiyo ya leni hata picha inawasaidia, vile vitambaa vya mkononi sio urembo, mweupe kaanzia ndani na mwekundu kaanzia nje. Ni mistari miwili mitatu tu, mnaweza kuipata kwa kupunguza ile picha ya sherehe za ufunguzi ambayo mmeitoa mara tatu sasa. Na kama bado mnayo matokeo ya siku ile niwekeeni muda wa wale wawili wa kwenye picha, maana mwanangu bado ananidai jibu.

Ni mimi msomaji wenu, ninayeanzia kurasa za nyuma