Kipenyo cha Tuba na Vali Zake: Kabla Hujachagua Kubwa

Mteja akituambia anataka tuba (ala kubwa ya shaba ya kupuliza) yenye kipenyo kikubwa, yaani mrija mpana zaidi kwa ndani, tunamuuliza kwanza: utaipiga kwa muda gani bila kupumzika?

Kile kipenyo kinachoandikwa kwenye maelezo ya tuba hupimwa ndani ya mrija wa vali ya pili. Vali ni kifaa unachobonyeza kwa kidole ili hewa ipite kwenye mrija wa ziada. Tuba nyingi huwa kati ya milimita 17 na 21. Lakini tuba ni pembe inayopanuka taratibu kuanzia mrija unaopokea pumzi hadi domo lake pana linalotoa sauti, na unene wa sauti hutokana zaidi na huko kupanuka. Ndiyo maana tuba mbili zenye kipenyo kilekile, moja inaweza kuvuma na kujaza ukumbi, nyingine ikatoa sauti kavu iliyobana.

Hata hivyo, milimita 2 si kidogo. Ukitoka 18 kwenda 20, nafasi ya hewa ndani ya mrija inaongezeka kwa karibu asilimia 23. Noti za chini zinafunguka vizuri, ila pumzi inakwisha mapema, na kupiga polepole kwa sauti ndogo kunakuwa kazi. Kwa anayeanza tunapendekeza kipenyo cha wastani bila kusita, kwa sababu ukinzani kidogo humsaidia kuituliza noti.

Sasa vali. Tuba ya B-flati (yenye noti ya msingi ya B-flati) ina mrija wa takriban mita 5.5. Vali ya kwanza inaongeza kama sentimita 67, ya tatu kama mita moja, na ya nne karibu mita 1.8. Mrija huo wa ziada haupanuki. Upana wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Ukibonyeza vali tatu kwa pamoja, sehemu kubwa kuliko kawaida ya safari ya hewa inapita kwenye mrija usiopanuka, na noti inasikika kana kwamba imezibwa na kitambaa. Watengenezaji wengine huongeza kipenyo kutoka vali moja hadi nyingine ili kupunguza tatizo hilo, na sisi tunaukubali sana mtindo huo.

Kipenyo kikubwa pia hudai pistoni (silinda inayopanda na kushuka ndani ya vali) nene na nzito zaidi, kwa hiyo vidole huchelewa kwenye noti za haraka. Vali za kuzunguka, ambazo hugeuka badala ya kupanda na kushuka, zina mwendo mfupi.

Mara nyingi, hata hivyo, tuba inayolaumiwa kuwa ndogo inavuja tu. Jaribu hivi: bila kubonyeza chochote, vuta mrija wa vali ya kwanza utoke sentimita chache, subiri kidogo, kisha bonyeza vali hiyo. Unapaswa kusikia mlio mfupi, "pop!", kama wa kufungua chupa. Usipousikia, paka mrija grisi na vali mafuta, ujaribu tena. Bado kimya? Tuletee tupime vali hiyo kabla hujatafuta tuba nyingine.