Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Wazee wasio na kikokotoo

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Masasi.

Tangu mifuko ya pensheni iunganishwe mwaka 2018 tukabaki na PSSSF ya watumishi wa umma na NSSF ya sekta binafsi, ukitaja pensheni nchi hii watu wanasikia kikokotoo tu, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya mstaafu. Watumishi walipiga kelele, na walikuwa na haki. Ila huku kwetu wengi wamezeeka bila kuona salary slip hata siku moja. Hawana cha kukokotolewa.

Chukua mkulima wa korosho. Akipeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, kabla hela haijamfikia inakatwa ya chama hicho, ya chama kikuu, ya ghala, ya halmashauri. Kila msimu anakatwa, na hakuna hata shilingi inayowekwa kwa ajili ya uzee wake. Nguvu zikiisha anabaki kumsubiri mtoto aliye Dar amrushie chochote kwenye simu, na mtoto mwenyewe anaendesha bodaboda ya mkataba.

Zanzibar walishaanza. Tangu Aprili 2016 mkaazi aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni jamii, awe alikuwa mvuvi au karani. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ndogo, ndiyo, lakini mzee halazimiki kuutangaza ufukara wake mbele ya mkutano wa kijiji kama ilivyo kwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini.

Utasema Bara ni kubwa. Basi anzeni na miaka 75, mshuke kadiri hazina inavyoruhusu. Naona kazi ngumu zaidi itakuwa kuthibitisha umri. Ukimuuliza mzee wa huku, anakwambia alizaliwa Wazungu wakilima karanga Nachingwea, yaani mwishoni mwa miaka ya 1940 hivi, cheti hana. Mtendaji wa kijiji na wazee wa rika lake wapewe nafasi ya kumthibitisha, asizungushwe mpaka afe.

Kwa wanaolima leo, NSSF inawapokea waliojiajiri, sawa, lakini kuchangia kila mwezi hakumfai mtu anayeshika hela kuanzia Oktoba, msimu ukiisha basi. Mchango wake ukatwe hukohuko ghalani, uingie kwa jina lake na namba yake. Hayo ndiyo makato ambayo hatutayanung'unikia.

Bajeti inasomwa Juni. Siku hiyo tutajie umri wa kuanzia na kiasi cha kulipwa. "Mchakato unaendelea" tumeusikia tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003.

Wako,
Mtoto wa mkulima wa korosho, Masasi