Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Damu ya Sato Wetu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilishughulika zaidi na kipimo cha wingi wa seli nyekundu za damu. Majibu mengi yalipishana, hata ya samaki wa bwawa moja, na chanzo ni homoni mbili zenye mwendo tofauti.

Erithropoietini ndiyo inayoagiza seli mpya. Kwa binadamu mzima hutoka hasa kwenye figo, lakini jeni yake ilipotambuliwa kwa samaki aitwaye bunju mwaka 2004, ilikutwa ikifanya kazi zaidi moyoni. Oksijeni ikipungua majini homoni hii huongezeka, na sehemu ya mbele ya figo, iliyo karakana ya damu ya samaki badala ya uboho, huanza kuzalisha. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Adrenalini, homoni ya hofu, haizalishi kitu. Hubana wengu, na akiba ya seli iliyomo humwagika mwilini ndani ya dakika chache. Ndiyo maana samaki aliyefukuzwa na wavu huonekana ana damu ya kutosha, kumbe anaumwa upungufu.

Kwa hiyo mlaze samaki usingizi kwanza. Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji, basi yeyusha sehemu 1 katika sehemu 9 za ethanoli, kisha tia mililita 5 za mchanganyiko huo kwenye lita 10 za maji. Vuta damu kwenye mshipa wa mkia kwa sirinji iliyosuuzwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Msitumie EDTA, kizuia kuganda kingine, kwani hupasua seli za baadhi ya samaki. Tia damu kwenye kapilari, yaani mrija mwembamba wa kioo, kisha izungushe kwa mashine mara 10,000 kwa dakika, kwa dakika 5. Msipeleke sampuli kwenye mashine za hospitali: seli nyekundu za samaki zina kiini, na mashine hudhani ni nyeupe.

Sindano za erithropoietini ya binadamu, ambazo baadhi yenu mmeziulizia, kamati inazikataa kabisa. Molekuli yake si ile ya samaki, na agizo bila malighafi halifui dafu. Seli zinahitaji madini ya chuma na asidi ya foliki, na chakula kilichorundikwa muda mrefu kwenye joto huipoteza foliki hiyo.

Tunaomba mkutano uidhinishe ununuzi wa kipima oksijeni cha pamoja, kitumike alfajiri kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo bwawa huwa na hewa kidogo kuliko wakati wowote.