Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Nilikataa Sato Chala

Ndugu wanachama,

Mambo ya ofisi mwaka huu si mengi. Hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe, na wanaodaiwa ada wanajijua. Nafasi yangu naitumia kueleza kwa nini nilipinga kikaoni hoja ya kupandikiza vifaranga vya sato Ziwa Chala, lile ziwa la kreta mpakani mwa Tanzania na Kenya. Najua baadhi yenu mlinuna.

Mlioenda nasi Rombo mliliona. Unafika ukingoni, maji yako chini kabisa, kama umechungulia kisima cha majitu. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo nne tu, ila kina kinakaribia mita 90. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua ya msitu wa Kilimanjaro, inayopita chini kwa chini hadi ziwani, na hutoka kwa njia hiyohiyo. Samaki wa kwingine hafiki pale mpaka mtu ambebe kwenye ndoo.

(Aliyetaka kuoga siku ile asinilaumu kwa kumfokea. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana Mwingereza ziwani humo, upande wa Kenya.)

Katika shimo hilo yumo perege asiyepatikana kwingineko duniani kote. Wataalamu wanamwita Oreochromis hunteri. Jike hutaga mayai, kisha huyabeba mdomoni hadi yaanguliwe, na watoto wakitishwa hurudi humohumo. Mwaka 1889, Günther, mtaalamu wa wanyama katika jumba la makumbusho la London, alipomwandika kitaalamu ndipo alipotunga jina Oreochromis, yaani perege wa mlimani. Hata sato tunayemkaanga hapa Moshi, Oreochromis niloticus, anatumia jina hilo. Mgeni kachukua jina la mwenyeji, na sasa tunataka kumpa na nyumba!

Ndoo zimekwishafika, kwa bahati mbaya. Perege wa Korogwe na wenzake walishapelekwa Chala, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka mwenyeji katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sato ni mbaya zaidi kwa sababu huzaana na jamaa zake, na machotara hao hakuna mvuvi atakayewatenganisha na wenyewe. Mnaotaka sato, chimbeni mabwawa nyumbani, mbali na Chala. Nitakuja kusaidia kuchimba.

Hoja ikirudi mkutano mkuu, nitaipinga tena. Safari ya Chala ijayo tutaondoka Moshi saa kumi na moja alfajiri. Gari halitamsubiri mtu, na ndoo zibaki nyumbani.